Kijana wa Muthurwa na Watu wa Kona Yake

Usiku wa tarehe 22 Julai 1994, katika hoteli ya Aladdin mjini Las Vegas, mwamuzi Joe Cortez alijitia katikati ya mabondia wawili katika raundi ya tisa, akasimamisha pambano. Mmoja wao alikuwa David Gonzales, Mmarekani. Yule wa pili, aliyekuwa akipigwa, alikasirika. Alilalamika kwamba bado ana nguvu, kwamba aachwe aendelee. Muda mfupi baadaye akaanguka katika chumba cha kubadilishia nguo. Madaktari walimpasua kichwa ili waondoe donge la damu, na tarehe 24 akafariki. Alikuwa na miaka 26. Jina lake Robert Napunyi Wangila, na hadi leo ndiye Mkenya pekee aliyewahi kushinda dhahabu ya ndondi katika Olimpiki.

Kila kijana anayejifunga bandeji mikononi katika kumbi za Kariobangi, Kaloleni au Pumwani ameshasimuliwa habari za Wangila. Lakini husimuliwa Seoul, mahali alipoipata dhahabu hiyo. Husimuliwa ile nokauti, wimbo wa taifa, bendera ikipanda. Karibu miaka sita iliyofuata hupitiwa juu juu, kana kwamba ni aibu ya familia isiyofaa kutajwa mbele ya watoto. Naona tunawakosea watoto hao. Anayetaka kuzifuata nyayo za Wangila ana haki ya kuonyeshwa zilikoishia.

Muthurwa ni mtaa uliojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, vyumba vimepangwa mistari kwa mistari, si mbali na katikati ya jiji la Nairobi. Leo wengi wanaujua kwa soko lake na matatu zake. Zamani ulijulikana pia kwa ngumi. Klabu ya Dallas ilikuwa hapo, na ndiko alikotokea Wangila. Wala Muthurwa haikuwa peke yake, kwa maana kumbi nyingi za kijamii za Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, zilikuwa na begi linaloning'inia na mzee aliyekataa kustaafu ukocha. Masumbwi yaliwafaa watu wa mitaa ile kwa sababu hayakuhitaji uwanja wala viatu vya bei. Jozi moja ya glavu iliweza kuvaliwa na watu kumi jioni moja, kila mmoja akiipokea ingali na jasho la mwenzake.

Tena kulikuwa na njia ambayo wazazi waliielewa. Polisi walikuwa na timu yao, Chafua Chafua. Jeshi lilikuwa na yake, Magereza vilevile. Vikosi hivyo vilitafuta vijana wenye mkono mzito, na aliyechukuliwa alipata sare, mshahara na matibabu. Alipopigwa akaumia Jumamosi, Jumatatu alikuwa bado na kazi. Msomaji alishike hilo, maana ndilo lililokuja kukosekana.

Wangila alipanda haraka. Alitwaa dhahabu katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Nairobi mwaka 1987, na mwaka uliofuata akaenda Korea Kusini na timu ya taifa. Fainali ya uzani wa welter ilimkutanisha na Mfaransa Laurent Boudouani. Haikufika raundi ya tatu, kwani Wangila alimwangusha katika ya pili. Chris Sande akaongeza shaba ya uzani wa kati. Kabla ya Seoul, Kenya ilikuwa imepata medali tano za ndondi katika Olimpiki, hata moja isiwe ya dhahabu. Tangu Seoul haijapata nyingine.

Ndondi zile zilikuwa za ridhaa. Raundi tatu za dakika tatu, yaani dakika tisa za kupigana, kofia ya kinga kichwani. Pembeni alikuwepo kocha wa taifa, na maafisa wa timu ambao mshahara wao wa mwezi haukupungua wala kuongezeka kwa idadi ya ngumi alizopokea Wangila. Wangeweza kumwambia inatosha, na wao wasipoteze kitu.

Mwaka 1989 aliingia ngumi za kulipwa nchini Marekani. Simlaumu hata kidogo. Medali hailipi kodi ya nyumba, na kijana wa miaka 21 akiambiwa kwamba iko nchi ambako ngumi yake ina bei, atakataa kwa sababu gani? Wenzake wa Seoul walikuwa wakienda njia hiyohiyo: Lennox Lewis, Ray Mercer, Riddick Bowe, Roy Jones. Bowe na Jones walirudi kutoka Korea na fedha. Kijana wa Muthurwa alikuwa na dhahabu. Kwa hesabu ya mtaani, alikuwa ameshawatangulia.

Hesabu ya ngumi za kulipwa ni nyingine kabisa. Pambano la raundi 10 ni dakika 30, la raundi 12 ni dakika 36, bila kofia ya kinga. Mwili unaoweza kushinda katika dakika tisa haujui bado utafanya nini katika dakika ya ishirini na tano. Na fedha nazo zina njia zake. Kwa desturi ya Marekani, meneja huchukua hadi theluthi moja ya ujira, kocha huchukua asilimia 10. Chukulia kijana amepewa dola 3,000 kwa pambano la utangulizi, lile linalopiganwa watu wakiwa bado wanatafuta viti. Dola 1,000 ni za meneja. Dola 300 ni za kocha. Zinabaki 1,700, na hapo kodi ya serikali haijakatwa, vipimo vya daktari havijalipiwa, na kodi ya chumba alicholala wiki zote za mazoezi inamngoja. Huenda pambano lingine lisipatikane kwa miezi mitatu. Kule Muthurwa, nyumbani, wameshasikia kwamba mwana wao amelipwa dola elfu tatu, na kila mmoja ameshazigawa kichwani mwake.

Kuna jambo jingine ambalo makocha wetu huchelewa kulieleza. Katika ridhaa, mpinzani wako hupatikana kwa kura. Katika ngumi za kulipwa, huchaguliwa. Promota aliyewekeza fedha kwa kijana wake humtafutia watu wa kumjenga, mmoja mmoja, mpaka rekodi ing'ae. Anayetafutwa kuja kujenga rekodi ya mwenzake huwa ni mtu mwenye jina lakini asiye na promota mkubwa nyuma yake, mtu wa kutoka mbali, anayehitaji fedha kiasi cha kukubali kuitwa kwa taarifa fupi. Bingwa wa Olimpiki aliyekwisha kushindwa mara mbili tatu anafaa sana kwa kazi hiyo. Jina lake linapendeza kwenye bango, na kumshinda ni sifa.

Wangila alishinda mapambano 22 na kushindwa 5. Si rekodi ya mtu dhaifu. Lakini hakuwahi kufika kwenye taji kubwa la dunia, na ndani ya miaka mitano alikuwa ameshapigana mapambano 27.

Sasa mwangalie Boudouani, yule aliyeangushwa Seoul. Alirudi Ufaransa. Naye aliingia ngumi za kulipwa, lakini alijijenga zaidi nyumbani kwao, mbele ya watu wanaozungumza lugha yake, karibu na familia yake. Alipanda kwa kituo, akawa bingwa wa Ulaya. Mwaka 1996 akamshinda Julio César Vásquez na kuwa bingwa wa dunia wa WBA katika uzani wa kati mwepesi, taji alilolishika hadi 1999. Wangila alikuwa ameshakaa kaburini miaka miwili. Kila ninapofika hapa katika habari hii moyo huniuma, kwa sababu ngumi haikuwa tofauti kati ya watu hawa wawili. Jambo la ngumi walikuwa wamelimaliza Seoul kwa raundi mbili. Tofauti ilikuwa ni ardhi iliyokuwa chini ya miguu ya kila mmoja.

Kuhusu Cortez, naamini alifanya lililompasa. Wapo wanaoikumbuka hasira ya Wangila usiku ule kama ushahidi kwamba alikuwa bado na nguvu. Hasira haipimi ubongo. Bondia akipigwa kichwani mara nyingi, ubongo hutikisika ndani ya fuvu, na mishipa midogo ya damu iliyo kati yake na utando wa juu huweza kupasuka. Damu huvuja polepole. Mtu hutembea, husema, hata hubishana na mwamuzi. Halafu kichwa kinauma, anatapika, anasinzia, mboni ya jicho moja inakuwa kubwa kuliko ya pili. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali saa ileile, asiachwe alale apumzike. Hili naliandika kwa ajili ya akina mama na dada wanaopokea vijana waliotoka ukumbini jioni, na wanaoambiwa ni uchovu tu.

Las Vegas ilikuwa imeona haya kabla. Novemba 1982, Mkorea Duk Koo Kim alipigana na Ray Mancini mjini humo hadi raundi ya 14, akafa siku chache baadaye. Kifo chake ndicho kilichoifanya WBC, mojawapo ya vyama vinavyotoa mataji ya dunia, ipunguze mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12. Sheria za kumlinda bondia mbele ya promota zilichelewa zaidi. Sheria ya Marekani kuhusu usalama wa mabondia ilipitishwa 1996, na ile iliyopewa jina la Muhammad Ali, inayomlazimu promota kumfichulia bondia mapato na kumzuia asiwe meneja wake kwa mlango wa nyuma, ikatiwa saini mwaka 2000. Zote mbili zilikuja Wangila akiwa ameshazikwa.

Mitaani kwetu kijana hulelewa asikubali kushindwa. Anayekaa chini anachekwa wiki nzima. Ukimuuliza katikati ya raundi kama anaweza kuendelea, jibu ni moja: "Kocha, niko fiti." Atalisema hata macho yakiwa hayaoni sawasawa. Ushupavu huo ndio unaomtoa Eastlands, na sitaki mtu aniambie nimfundishe kijana kuwa mwoga. Ninachosema ni kwamba jibu hilo halifai kumfikia mtu ambaye chakula chake kinategemea pambano liendelee. Meneja anataka theluthi yake. Promota ameshauza tiketi. Kocha aliyeajiriwa na meneja anajua akitupa taulo mapema mno hataitwa tena. Kila mmoja wao anaweza kuwa mtu mwema, na bado wote wakangoja raundi moja zaidi. Bondia anahitaji konani mwake walau mtu mmoja ambaye hatapungukiwa na kitu pambano likisimama sasa hivi.

Wakenya waliomtangulia Wangila waligusa ukweli huu kwa namna zao. Philip Waruinge wa Nakuru alipata shaba Mexico mwaka 1968 na bado akapewa kombe la Val Barker, la bondia mwenye ufundi kuliko wote katika michezo ile. Mwaka 1972 akaongeza fedha kule Munich. Kisha akaenda Japani kupigania fedha, chini ya jina la Waruinge Nakayama. Mwaka 1976 alipata nafasi ya taji la dunia la WBC dhidi ya Rigoberto Riasco wa Panama, akashindwa. Stephen Muchoki, bingwa wa dunia wa ridhaa kule Belgrade mwaka 1978, alikwenda Denmark. Mwaka 1982 alimkabili Santos Laciar wa Argentina kwa taji la WBA, pambano likasimamishwa raundi ya 13. Hawa ni mabondia wawili bora kabisa waliowahi kutoka nchini kwetu, na kila mmoja alipofika mlangoni mwa taji mlango haukufunguka. Kijana wa Kariobangi anayeanza leo ajipime kwa hao kwanza, kabla ya kujipima kwa Floyd Mayweather wa kwenye simu.

Si ngumi peke yake. Majirani zetu wa Uganda wanayajua haya kwa upande wa besiboli. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu kwenda kucheza michuano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza kwa sababu ya kasoro katika hati zao za kuzaliwa. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers ikawasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Usajili huo ni mwanzo tu, kwa maana chini ya ligi kuu kuna ngazi nyingi za ligi ndogo, na wengi mno wanaopanda ngazi hizo huachwa kabla hawajafika juu. Kwa miaka mingi wachezaji wa ligi hizo walilipwa ujira mdogo mno. Mwaka huohuo wa 2022 waliingia katika chama cha wachezaji, na mkataba uliofuata ukapandisha malipo yao. Hilo ndilo linalonigusa zaidi katika habari ya besiboli, kwamba mchezaji wa chini kabisa sasa ana mtu wa kumsemea. Bondia hana ligi, hana chama chenye nguvu ya namna hiyo, na kwa kawaida hana pensheni. Ana rekodi yake na watu waliosimama konani mwake, basi.

Wapo waliofanikiwa, na nisipowataja nitakuwa nimesema uongo. Fatuma Zarika, aliyekulia Mathare, alikwenda Flint, Michigan, Oktoba 2016, akamshinda Alicia Ashley na kutwaa taji la dunia la WBC katika uzani wake. Hakuna Mkenya aliyewahi kulishika taji la WBC kabla yake. Mwaka uliofuata alilitetea hapa Nairobi dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia, na alilishika hadi Novemba 2019 alipopokonywa na Yamileth Mercado kule Mexico. Wasichana wengi wa Eastlands waliingia ukumbini kwa sababu yake. Lakini Zarika alikuwa amepigana kwa kulipwa zaidi ya miaka 10 kabla ya usiku ule wa Flint, akashindwa ugenini mara kadhaa, na alikuwa ameshavuka miaka 30. Anayesema anataka kuwa kama Zarika ahesabu na hiyo miaka ambayo hakuna kamera iliyomfuata.

Mabondia wetu wengi hawafiki Flint wala Las Vegas. Utawakuta mlangoni mwa vilabu vya usiku wakiwa mabaunsa, au kwenye mjengo, au getini wakilinda mali ya watu. Ni kazi halali, na naziheshimu. Linalosikitisha ni kwamba wengi walizifikia wakiwa na miaka 35 bila kujifunza kingine chochote, kwa kuwa kila mtu aliyewazunguka aliwaambia shule na ufundi vitangoja. Umeme, uchomeleaji, udereva, cheti cha ukocha chenyewe: vyote hivi huwezekana asubuhi, na mazoezi yakabaki jioni. Wazee wa Chafua Chafua walifanya kazi mchana wakapigana jioni, na ngumi zao hazikuwa nyepesi.

Mdogo wangu, ukiletewa mkataba, usiutie saini ukumbini. Uchukue uende nao nyumbani, umtafute mtu aliyesoma akusomee kila mstari: mkataba ni wa miaka mingapi, meneja anachukua kiasi gani, nani analipa ukiumia mazoezini, nani analipa tiketi ya kurudi usipopata pambano. Uliza kama promota na meneja ni watu wawili au ni mtu mmoja mwenye kofia mbili. Kisha mtaje kwa jina yule mtu wako wa kona asiyekula katika ngumi zako. Anaweza kuwa kocha wako wa zamani, kaka yako, au mama yako kwa simu. Sharti liandikwe kwamba mtu huyo akisema basi, ni basi.

Na makocha wetu wa kumbi za kijamii wana jambo moja la kufanya ambalo halihitaji mfadhili. Kanuni za ridhaa zinasema bondia aliyepigwa nokauti ya kichwa apumzike angalau siku 30, akipigwa tena ndani ya siku 90 apumzike 90 nyingine, na ya tatu katika mwaka mmoja imweke nje mwaka mzima. Kanuni hiyo hutegemea kumbukumbu. Kila ukumbi uwe na daftari la kila kijana: tarehe aliyoangushwa, hata kama ilikuwa mazoezini, dalili alizokuwa nazo, na siku aliporuhusiwa kurudi. Kijana akipata safari ya majuu, daftari liwe mkobani pamoja na pasipoti, kwa sababu daktari wa ulingo wa huko hatakuwa na njia nyingine ya kujua kilichokipata kichwa hicho Kariobangi.